Sura ya Tisa: Chupa ya Kifuniko cha Bluu

Mkuu wa kituo alivua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya faili, akasema saa kumi jioni anataka saini. Si saa kumi na robo. Yule mwanamke afikishwe mahakamani kesho asubuhi kwa kosa la kumuua mumewe, na Inspekta aache kuzunguka kama mtu aliyeangusha sindano mchangani.

Kituo kizima kilimwita Inspekta yule Kobe, na mwenyewe aliitika. Akajibu kwamba kesi imekaa vizuri mno. Kiti kisichotikisika hata kidogo, alisema, kwanza uangalie kama hakijapigwa misumari sakafuni.

"Umekuwa mshairi?" Mkuu aliuliza.

"Nina swali moja tu, mzee. Nikilijibu nasaini."

Swali lilikuwa hili. Marehemu alikuwa fundi saa, mwenye miaka sabini na mitatu. Kiharusi kilimpiga mwaka jana, kikamnyang'anya ulimi na mkono wa kulia, na koo nalo likawa la kusuasua. Ijumaa saa nne asubuhi alikutwa amekufa kwenye kiti chake cha kazi. Mkemia alipopima damu alikuta dawa ya moyo, dawa ya marehemu mwenyewe, lakini kwa kiasi cha mtu aliyebugia vidonge vinne kwa mpigo. Chupani vilikuwemo ishirini na saba. Vililetwa thelathini Jumanne, vikaanza kutumika Jumatano, kidonge kimoja kwa siku. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Vitatu. Hesabu ilifunga pasipo hata chembe kupungua. Damu ilisema vinne, chupa ilisema kimoja, na mmoja kati ya hao wawili alikuwa mwongo.

Mkuu aliona jibu ni jepesi. Mwanamke alipata vingine kwingine. Kobe akauliza wapi. Mkuu akamwonyesha mlango.

Mama Mdogo alikuwa anasubiri chumba cha nyuma, na koplo amekaa kando yake. Jina hilo alipewa na watoto wa marehemu wa mke wa kwanza, na askari nao walilidaka tangu siku ya kumkamata. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkavu, mwenye vidole vya mtu asiyekaa bure. Siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemzamisha macho, lakini mgongo ulisimama wima. Mezani lilikuwepo beseni la plastiki, na ndani yake dawa zote zilizokusanywa nyumbani kwake, pamoja na kinu kidogo cha shaba na mchi wake.

Kobe akamwuliza kama ni yeye aliyekuwa anampa mumewe dawa hizo zote.

"Nani mwingine? Wanawe walikuwa wanakuja na maua."

"Unajuaje ipi inatumikaje? Unasoma?"

"Sisomi hata jina langu, afande. Lakini dawa hainishindi. Dawa inajieleza yenyewe, ukiitazama umbo."

Kobe akamsogezea beseni, akasema aeleze moja moja, kama anamfundisha mke mwenzake. Mwanamke akaguna kwa hilo neno, lakini mikono ilishaanza. Alizipanga mezani kwa mstari bila kusita. Ya maji inatikiswa mpaka isibaki tope chini, kisha kijiko kimoja, kile cha plastiki kilichokuja nayo, si cha chai. Ya matone ni ya jicho la kulia lisilofumba vizuri, tone moja, na kichwa kiegemee nyuma. Ya bomba la bati ni ya kuchua bega. Ya unga inakorogwa katika glasi nzima ya maji na kunywewa papo hapo kabla haijaganda. Ya kubandika inabandikwa kifuani, leo upande huu, kesho ule, isichome ngozi. Vidonge vya rangi mbili, vile vyenye ganda kama la mdudu, vinafunguliwa na unga wake kumwagwa kwenye asali, daktari mwenyewe aliruhusu.

"Na hii?" Kobe alishika kikopo kidogo. "Imeandikwa kwenye ripoti kwamba ulipokamatwa ulikuwa umeificha chini ya mtandio. Wenzangu wameiita kielelezo namba tatu."

Mama Mdogo akamtazama koplo, ambaye alikuwa mwanamke mwenzake, akamnong'oneza jambo sikioni. Koplo akaziba mdomo kwa daftari.

"Inspekta," koplo alisema alipopata pumzi, "hiyo ni ya choo kigumu. Haimezwi. Inapitia mlango wa nyuma."

"Ulitaka niibebe mbele ya majirani nikiipunga?" Mama Mdogo akauliza. "Marehemu alikuwa mtu wa heshima."

Kobe akaiweka chini taratibu kuliko alivyoichukua. Kielelezo namba tatu kikafa hapo hapo.

Ikabaki chupa ya plastiki ya kahawia, yenye kifuniko cha bluu. Mwanamke hakuigusa. Alisema hiyo ndiyo ya kinu. Mwaka mzima ilikuwa ya kinu. Mzee alipotoka hospitali hakuweza kumeza kitu kigumu, akikabwa na kidonge anakuwa mwekundu kama pilipili, kwa hiyo mfamasia alimfundisha mwenyewe, kwa vitendo. Cha kifuniko cha bluu unakisaga, unachanganya na asali, unamlambisha. Mara tatu kwa siku. Hakuwahi kukosea.

"Jumanne vikaja vipya," Kobe alisema.

"Jumanne alikuja Dokta. Akaingia kwa baba yake, mimi nilikuwa uani naanika nguo. Akatoka ananiambia, mama, umepunguziwa kazi, sasa ni kimoja tu, asubuhi. Nikamwuliza, kinaenda kinuni? Akasema fanya kama siku zote. Nikaingia ndani, nikakuta chupa imejaa."

"Chupa hii hii?"

"Unaona nyingine?"

Akaendelea bila kuulizwa. Vile vipya vilikuwa vikubwa na vigumu. Siku ya kwanza mchi uliteleza mara mbili. Jumatano hiyo hiyo mzee aligonga glasi kwa kijiko mara tatu, ishara yao ya kwamba mambo si mazuri, kwa sababu yeye alikuwa haongei na mkewe hasomi, hivyo walizungumza kwa kugonga. Kichwa kilimzunguka. Alimpigia Dokta simu. Dokta akasema mwili unaizoea dawa. Alhamisi mzee alishindwa kusimama. Akampigia tena. Dokta akasema usikatize hata siku moja, ukikatiza utamuua.

Koplo aliacha kuandika. Kobe akamwashiria aendelee.

Dokta hakuwa daktari. Hajawahi kutibu hata paka. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu, na kazi yake ilikuwa kutembeza dawa za kampuni kwenye maduka na zahanati, na mkoba mweusi na tai. Lakini mtu akishika dawa kila siku watu humpa cheo, naye alikipokea. Ndiye aliyeleta taarifa polisi Ijumaa ile. Ndiye aliyesema, kabla mkemia hajapima chochote, kwamba wapime dawa ya moyo.

Duka la dawa lilikuwa mtaa wa tatu. Mfamasia, mwanamama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliiona chupa mkononi mwa Kobe kupitia wavu wa kaunta, na uso wake ukapoteza rangi. Kobe aliliona hilo. Aliona pia kwamba mwandiko uliokuwa ubavuni mwa chupa, uliofifia lakini unaosomeka, ndio ule ule uliokuwa kwenye vikaratasi vyote vya pale dukani. *Saga, changanya na asali.*

Akausoma kwa sauti. Akamwuliza kama huo ni mkono wake.

"Ni wangu."

"Basi wewe ndiye uliyeagiza visagwe."

Mfamasia alifungua chupa, akamimina kidonge kimoja kiganjani, akakisogeza karibu na miwani. Sauti yake ikawa imara zaidi, kama mtu aliyejua sasa ni jambo gani analoogopa.

"Inspekta, nani ameviweka hivi humu?"

"Wewe niambie."

Akaleta glasi mbili za maji. Katika moja akadondosha kidonge kizima. Kingine alikiponda kati ya vijiko viwili, kwa taabu, akamimina unga wake katika glasi ya pili. Ile ya pili ilichafuka mara moja, ikawa nyeupe kama maziwa. Katika ya kwanza kidonge kilikaa chini kama jiwe la mtoni.

"Rudi kesho asubuhi," alisema, "utakikuta bado kipo hapo, kimepungua kidogo tu. Hicho kimetengenezwa kiachie dawa polepole, mchana kutwa na usiku kucha. Ni mtungi wenye tundu la sindano. Ukiuacha, maji yanatoka tone tone. Ukiuvunja yote yanamwagika kwa mara moja. Dawa ya siku nzima, dakika tano, kwa mzee mwenye moyo mchovu. Halafu kesho yake tena, ya jana haijaisha mwilini."

Kobe akatazama glasi mbili. Damu haikuwa imesema uongo, wala chupa.

Akamwuliza vidonge hivyo vilitoka vipi dukani. Mfamasia akaleta boksi kama lile. Ndani, kila kidonge kilikaa kwenye kitundu chake, kimefunikwa bati. Alisema chupa ile aliitoa mwaka jana, na vidonge vidogo vya kawaida, ambavyo kuvisaga hakuna ubaya. Hivi vikubwa alivitoa Jumanne saa nane na nusu, kwenye boksi lake lililofungwa, na juu yake alibandika karatasi nyekundu: *Usisage. Usitafune. Meza kizima.* Alivitoa kwa sababu daktari wa zahanati aliandika hivyo. Na daktari aliandika hivyo kwa sababu mtoto wa mgonjwa alimwambia kwamba mzee sasa anameza vizuri, na kumeza mara tatu kwa siku kunamchosha.

"Nawe ulimwamini?"

"Nilimwuliza. Dawa hii siitoi bila kuuliza. Na ninachouliza nakiandika."

Akageuza rejista. Mbele ya jina la marehemu palikuwa na mstari wake: *Mgonjwa anameza bila shida, kwa maelezo ya mwanawe mkubwa.* Na chini, saini ya aliyepokea, iliyoishia na mkia uliojikunja kama ndoana.

"Yeye anauza dawa," mfamasia alisema. "Hiyo yenyewe ameshaniletea sampuli zake. Alinieleza yeye kwanza kwamba haisagwi, kabla sijamweleza."

Hiyo ilitosha kumfanya mtu aote moto, lakini Kobe alijua wakili yeyote angeuzima kwa mate. Dokta angesema: nilileta boksi limefungwa, nikamwambia asisage, yeye mwenyewe akamimina kwenye chupa yake ya mazoea. Neno la mtu mwenye tai dhidi ya neno la mwanamke asiyesoma. Boksi halikupatikana kokote. Saa ilikuwa saba na dakika ishirini.

Nyumba ya fundi saa ilikuwa na ukimya usio wa kawaida. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele, kina dirisha moja pana, na ukutani saa thelathini na kitu. Marehemu alizitia ufunguo zote kila Jumatatu. Leo ilikuwa Jumatatu na hakuna aliyezitia. Nyingi zilikuwa zimeshasimama, kila moja kwa wakati wake, na chache zilizobaki ziligonga kwa uchovu. Kobe alipokuwa anazunguka meza, moja nyuma yake ikakata. Koplo akageuka haraka, akajifanya alikuwa anatazama dirisha.

Juu ya meza vilikuwepo vibisibisi vidogo kama miiba, kile kioo ambacho fundi hukibana jichoni, sinia la dawa lililobaki tupu, na glasi yenye kijiko. Chini ya meza palikuwa na kopo la rangi lililojaa vikaratasi. Askari wa Ijumaa walilipita wakidhani ni taka.

Kobe akapiga magoti. Zilikuwa tiketi za saa, zile ambazo fundi huzifunga kwenye saa ya mteja, zenye namba, nafasi ya tarehe na muda, nafasi ya kuandika ubovu, na chini mstari wa saini ya mteja. Lakini hazikuandikwa ubovu. Ziliandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizolala kama nyasi baada ya mvua.

*Ijumaa, saa tatu na dakika mbili. Kiti kisogezwe dirishani.* Hiyo ilikuwa ya usiku wa Ijumaa ya wiki iliyotangulia. *Jumapili, saa kumi na moja. Mwambie dada yako asilete maua, yananipigisha chafya.*

"Hiki ndicho kilikuwa kinywa chake," koplo alisema.

"Kwa wanaosoma," Kobe akasema.

Mtu aliyefanya kazi moja miaka hamsini haiachi hata ulimi ukikatika. Fundi alipoandika, aliandika siku na dakika kwanza, kwa sababu tiketi isiyo na muda si tiketi. Na kama Mama Mdogo alivyowaeleza baadaye, kila Ijumaa jioni yeye ndiye aliyewashia jiko vikaratasi vyote vya kopo hilo. Ijumaa hii jioni alikuwa mahabusu.

Walizipanga sakafuni kwa siku. Iliwachukua karibu saa nzima. Tiketi za Jumatatu zilikuwa nne, na mojawapo ilisema: *Wakili aje Jumatatu ijayo. Nyumba na chumba cha kazi naviandika kwa mama yako mdogo. Nyie mna kwenu. Usibishe.* Za Jumanne zilikuwa tano. Kobe alizisoma akiwa bado amepiga magoti, moja baada ya nyingine, na alipofika ya tano hakuinuka upesi. Alimwambia koplo alete bahasha, na asiishike ile ya mwisho isipokuwa kwenye kona.

Dokta alikuja mwenyewe kwa miguu yake, saa tisa, kwa sababu aliambiwa kuna karatasi ndogo ya kukamilisha. Alikaa, akauweka mkoba mweusi juu ya mapaja.

"Nasikia wanakuita Kobe," alisema. "Basi leo umekimbia. Mambo yaishe, tumzike baba kwa amani."

Kobe akasema kweli, yaishe. Akamwomba aeleze Jumanne tu, kwa utaratibu, ili mahakama isije ikasumbua familia. Dokta alieleza kama anayetembeza bidhaa. Alichukua dawa dukani mchana. Alifika nyumbani saa kumi hivi. Akamkuta baba amesinzia kitini, akaona asimwamshe. Akaliweka boksi mezani, limefungwa kama lilivyotoka dukani, na karatasi yake nyekundu juu. Akamwambia mama mdogo waziwazi kwamba hivi havisagwi. Akaondoka.

"Hukuzungumza na mzee?"

"Ningezungumzaje na mtu aliyelala?"

"Boksi hukulifungua."

"Hapana."

"Kwa hiyo aliyetoa vidonge kwenye bati akavitia kwenye chupa ni mama mdogo."

"Inspekta, simsemi vibaya. Hajasoma. Labda ni ujinga tu, si roho mbaya. Hilo mtaamua ninyi."

Alilisema kwa huruma nzuri sana. Koplo aliandika yote, akamsomea, akamwuliza kama kuna la kuongeza. Hapakuwa na la kuongeza. Dokta akatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, akasaini kila ukurasa, na kila saini ikaishia na mkia uliojikunja.

Kobe akaivuta ile taarifa upande wake. Kisha akafungua bahasha, akaweka tiketi ya kwanza mezani.

*Jumanne, saa kumi na dakika tano. Karibu. Mbona jasho?*

Dokta aliitazama. Kobe akaweka ya pili.

*Jumanne, saa kumi na dakika nane. Hivi vikubwa. Nimevitazama kwa kioo, vina herufi. Vya zamani havina.*

"Baba alikuwa anaandikaandika ovyo," Dokta alisema. "Tangu kiharusi. Hata muda alikuwa anakisia."

"Fundi saa?" koplo akauliza.

Ya tatu: *Jumanne, saa kumi na dakika tisa. Mbona unavitoa kwenye bati?*

Ya nne: *Jumanne, saa kumi na dakika kumi na moja. Navyo vinasagwa? Una hakika?*

Dokta alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili. Akasema kwamba hayo baba alikuwa anamwuliza mama mdogo. Yeye alikuwa ameshaondoka. Mama mdogo ndiye aliyekuwa anavitoa kwenye bati, si ndivyo alivyosema tangu mwanzo?

"Mama mdogo hasomi," Kobe alisema. "Umetuambia wewe mwenyewe, ukurasa wa pili, na saini yako ipo. Miezi kumi na mbili baba yako hakumwandikia mkewe hata neno moja. Alikuwa anamgongea glasi. Ukikuta tiketi yenye maneno, jua mbele yake alikaa mtu wa kusoma. Jumanne nani mwingine aliingia mle mwenye kusoma?"

Nje askari alikuwa anafagia, na ufagio wake ulisikika mpaka mwisho wa korido.

Kobe akaitoa ya tano, akaifunika nusu ya chini kwa kiganja. Alisema anataka kueleza kidogo kuhusu kazi ya saa, kama hawatachoka. Mteja anakuja, anasema ubovu. Fundi hategemei masikio yake. Anaandika alichoambiwa, anamgeuzia mteja, na mteja anasaini, ili kesho asije akasema sikusema hivyo. Kwa fundi huyu, isiyosainiwa haikupokelewa.

"Alikufanyia hivyo tangu ukiwa mdogo, sivyo? Ukimletea hata barua ya shule."

Midomo ya Dokta ilisogea. Kobe akaondoa kiganja.

*Jumanne, saa kumi na dakika kumi na mbili. Kidonge kimoja, saa mbili asubuhi. Kisagwe. Ndivyo ulivyosema.*

Chini, kwenye mstari wa mteja, ilikuwepo saini. Koplo akaisogeza kando ya zile za ukurasa, ambazo wino wake ulikuwa bado haujakauka vizuri, na kando yake rejista ya duka la dawa. Ndoana tatu, kama zimetoka kiwandani pamoja.

Dokta alizitazama. Alipozungumza sauti ilikuwa ya mtu anayelalamika jambo dogo.

"Nisiposaini, asingenyamaza. Angegonga ile glasi mpaka yule aingie." Akapangusa midomo. "Na huwa zinachomwa. Ijumaa huwa zinachomwa."

Mkuu wa kituo alikuta faili mezani kwake saa kumi kasoro dakika tano, limesainiwa kama alivyotaka, ila jina la mshtakiwa lilikuwa lingine. Aliisoma tiketi ya tano mara mbili. Akavaa saa yake.

Kobe mwenyewe ndiye aliyekwenda kufungua mlango wa mahabusu ya wanawake. Alimwambia Mama Mdogo kwamba anaweza kwenda nyumbani, na kwamba gari litampeleka. Mwanamke hakuinuka. Akataka kwanza aambiwe mumewe alikufa na nini, na aambiwe kwa maneno ya kawaida. Kobe alimweleza. Alimweleza mtungi na tundu la sindano, kama mfamasia alivyomweleza yeye, kwa sababu hakuona maneno mengine yaliyo bora.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na yeye Dokta alijua kwamba mimi nasaga."

"Alijua. Ndiyo maana akavitia kwenye chupa yako."

Mama Mdogo aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama na upande wa pili.

"Vilikuwa vigumu," alisema. "Nikadhani ndiyo uzima wenyewe ule, unakataa kutoka. Nikasaga kwa nguvu zangu zote, afande. Ijumaa nilisaga mpaka sikuacha hata chembe."

Koplo alikuwa amesimama mlangoni na beseni la plastiki, amerudisha kila dawa ndani yake, na kinu cha shaba juu. Alikuwa amekuja kuuliza kama mama atakwenda nacho. Kobe akamtazama, na koplo akarudi nacho alikotoka.